Simu ya Tata Polycarpe

Mushiya Ngeleka alikuwa fundi wa simu, lakini simu alizotengeneza hakuzigusa kwa mkono. Alikaa Mbuji-Mayi, katika nyumba ya baba yake, kwenye meza karibu na dirisha, na paneli mbili za jua juu ya bati zikimpa umeme. Kutoka hapo alitengeneza simu za ofisi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Bosi wake, tata (yaani mzee) Kalenga, alikuwa na karakana ndogo Lubumbashi. Mushiya alifanya kazi naye pale miaka sita, mpaka mama yake alipofariki na baba akabaki peke yake. Alipoomba ruhusa ya kurudi nyumbani, Kalenga alimwambia, "Rudia tu. Ruta haijui kama uko mbali ama karibu."

Mteja aliyempa kazi nyingi mwaka ule alikuwa kampuni moja ya kupitisha mizigo forodhani. Makao yake yalikuwa Lubumbashi, na tawi la Kolwezi lilikuwa na simu sita. Zilikuwa simu za intaneti. Sauti ya mtu ilikatwa vipande vidogo, ikapitishwa ndani ya VPN, yaani njia iliyofungwa ambayo watu wa nje hawawezi kuichungulia, hadi kwenye mashine ya Lubumbashi iliyogawa simu zote. Mambo yakiwa sawa, mtu wa Kolwezi alibonyeza namba tatu tu na kuzungumza na Lubumbashi kana kwamba ni chumba cha pili. Mambo yakiharibika, Mushiya alipigiwa kwenye simu ya mkononi.

Mwezi wa tano umeme wa Kolwezi ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu mno, ruta, chombo kinachoingiza intaneti ofisini, ikaungua. Wakanunua nyingine, wakachomeka kebo wenyewe. Kesho yake Mushiya akapigiwa.

"Allô, mama fundi? Ni Polycarpe Ngoy, wa mapokezi, Kolwezi. Simu yetu iko na ugonjwa."

"Jambo, tata. Ugonjwa gani?"

"Inalia muzuri. Ninakamata. Lubumbashi banasema banasikia mi muzuri kabisa. Lakini mi sisikii kitu. Kimya tu, kama mutu mwenye anasali."

Mushiya alicheka. Akamwomba aende kwenye kabati la vyombo na kumsomea taa za ruta. Wateja wengi wakiombwa hivyo hujibu kwamba zinawaka, basi. Huyu alizitazama moja moja, kisha akasema, "Ya kwanza ni rangi ya majani, imetulia. Ya pili ya majani pia, inapepesa mara tatu, inapumuzika, mara tatu tena. Ya tatu ni rangi ya machungwa, lakini ile sizani kama ni mubaya, juu inaenda pamoja na ya pili."

"Tata, ulifanyaka kazi ya simu?"

"Zamani. Ku santrali ya kompani, pale tulikuwa tunaunganisha simu zote, kule Kapata. Wakati simu ilikuwa ya nyaya na byuma, unasikia kabisa vile inatembea."

Kidole cha Mushiya kilisimama juu ya kibodi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika zile safu za nyumba za kompani ya madini. Hilo hakumwambia. Aliendelea kutafuta, na kabla ya saa sita akapata kosa. Ruta mpya ilikuwa na mpangilio mmoja uliojidai kusaidia simu. Kila simu ilipopita, ilifungua ujumbe na kubadilisha anwani iliyoandikwa ndani, kwa hiyo sauti ya Lubumbashi ilipelekwa kwenye anwani isiyokuwepo. Akauzima ule mpangilio, akamwambia Polycarpe apige Lubumbashi.

"Nasikia!" mzee akapiga kelele. "Nasikia mpaka kiti inalia kule!"

Mushiya alikuwa karibu kuaga alipoulizwa, kwa sauti ya chini zaidi, "Mama Mushiya, niliona jina yako chini ya barua pepe. Ngeleka. Ngeleka ya wapi?"

"Ya Mbuji-Mayi, tata."

"Ah. Muzuri."

Mushiya alikata simu. Swali lile alilijua tangu akiwa na miaka minane. Siku hizo mgodi mkubwa wa chini ulikuwa umeshaporomoka, kompani ilikuwa inakufa huku kila mtu akiona, na redio na mikutano vikawa vinawaambia Wakatanga, wenyeji wa kule, kwamba njaa yao imeletwa na Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Vijana walisimama njiani na kuuliza jina, halafu jina hilo ni la wapi. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tatu walifika hadi safu ya kina Ngeleka. Baba, mama, Mushiya na mdogo wake Kanku walitoka na sanduku moja na godoro, wakaenda gare, yaani stesheni, pamoja na maelfu ya wengine kungojea treni ya kuwarudisha Kasai, upande wa Mbuji-Mayi. Mushiya hakuwahi hata kuiona Kasai, lakini wote walisema anarudishwa.

Kwa hiyo alijibu "ya Mbuji-Mayi" na kufunga kazi.

Wiki mbili baadaye Polycarpe alipiga tena. Kila siku saa nne asubuhi, alisema, sauti ilikuwa inakatikakatika, "kama mutu mwenye anaongea na anakula miwa." Mushiya alifuatilia siku tatu. Akagundua kwamba saa nne ndiyo saa ambayo Tatiana, karani wa hati za forodha, alituma Lubumbashi karatasi zote za jana alizokuwa amezipiga picha, na karatasi zile zilijaza njia, sauti ikakosa pa kupita. Aliipangia ruta iiruhusu sauti itangulie, karatasi zifuate.

"Kama vile ku santrali," Polycarpe alisema kwa furaha. "Kukiwa aksida mu mugodi, batu banaumia, tulikuwa tunakata simu ya ba directeur, tunapitisha ya hopitali kwanza."

"Nani alikufundisha ile?"

"Patron, bosi yangu," akajibu, kisha akahamia haraka kwenye habari za mvua.

Mushiya akaanza kumpenda mzee yule. Alikuwa na miaka karibu sitini, na alielezea kosa la simu kama mama anavyoelezea homa ya mtoto kwa muuguzi: limeanza lini, linazidi saa ngapi, na yeye amejaribu nini. Alimweleza juu ya mke wake Ndaya, ambaye hakutaka simu ya kisasa ndani ya nyumba, na juu ya vumbi la mabaki ya mgodi, huko Kingamyambo, lililochafua nguo kwenye kamba kila upepo ulipogeuka. Mushiya naye alimsimulia mambo madogo, bei za Mbuji-Mayi, mmomonyoko uliokula barabara. Juu ya baba yake hakusema, wala Polycarpe hakuuliza tena.

Mwezi wa saba simu ya mapokezi ilianza kufa. Si sita zote, hiyo moja tu. Ilikufa Jumatatu, ikafa Ijumaa, ikafa tena Jumatano. Kila mara Polycarpe alipiga, wakazungumza taa na kebo kwa dakika kumi, halafu simu ikapona yenyewe na Mushiya akabaki hajui ameiponyaje.

Jumatano ile aliamua kufungua kumbukumbu za swichi, kile chombo kinachounganisha kebo zote za ofisi. Chombo hicho huandika saa ambayo kila kebo inachomolewa na saa inayorudishwa. Tundu la nne, mapokezi: saa nne na dakika mbili, imekatika. Ijumaa: saa nne na dakika tano. Jumatatu: saa nne na dakika moja. Na kila mara, dakika moja baadaye, simu ya mkononi ya Mushiya ililia. Panya hafuati saa namna ile, wala umeme.

"Tata Polycarpe," alisema.

"Eyo, mama."

"Nani anachomoaka hii kable?"

Lori lilisikika likipita nje ya ofisi ya Kolwezi, likapiga honi, likaenda.

"Ni mi," mzee alisema hatimaye.

"Wewe?"

"Ni mi, mama. Naomba usiambie directeur."

"Siambii mutu. Lakini juu ya nini?"

"Juu ya kusikia sauti yako." Kisha akaharakisha: "Usiwaze mubaya! Niko na bibi, niko na bajukuu. Ni kintu moja nataka kukuuliza. Kila mara napiga simu nasema leo nitauliza, kiisha naogopa, naanza kuongea habari ya taa."

"Uliza, tata."

"Baba yako, njo Ngeleka Stanislas? Wa santrali ya Kapata?"

Mushiya aliangalia dirishani. Baba yake alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya karanga ndani ya sinia. Miaka sabini na minne, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali.

"Juu ya nini unauliza?"

"Alinifundisha kazi. Miaka mine nilikuwa musaidizi wake. Iko muzima?"

"Iko muzima."

Alisikia pumzi ndefu ikitoka upande wa pili. "Aksanti, Mungu," mzee alisema. "Aksanti, Mungu. Aksanti."

Hapo Mushiya akamkumbuka. Kijana mrefu, mwenye baiskeli ya kijani, kinga kama walivyoiita pale, aliyekuja karibu kila jioni na kumpakia Kanku mbele, kwenye bomba, na kuzunguka naye safu nzima huku Kanku akipiga kengele.

"Wewe njo Poly?" aliuliza. "Poly wa kinga?"

"Njo mi. Ulikuwa unakimbia nyuma, unalia, unataka zamu yako." Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mama Mushiya, kuko kintu ingine. Nyumba yenu. Mi njo niko ndani."

Mushiya alisukuma kibodi mbali.

"Siku mulitoka, batu balikuwa banavunja milango, banabeba mabati. Nikasema nitailinda. Nikaingiza kitanda yangu. Wiki moja, wiki mbili. Kiisha kompani ikaandika jina yangu ku karatasi, na mi sikukatala. Nilioa mule. Batoto batano balizaliwa mule. Tangu niliona jina yako nakosa usingizi. Nilitaka unisikie mi mwenyewe, usisikie kwa mutu mwingine."

"Rudisha kable mahali yake, tata," Mushiya alisema. "Simu itapona." Akakata.

Siku ileile alimwandikia mwenzake wa Lubumbashi, Dodo, kwamba kuanzia sasa Kolwezi ni ya Dodo. Hakutoa sababu. Alifanya kazi za Likasi, alifanya kazi za Kasumbalesa, na kila alipofumba macho aliona kijana wa baiskeli akilala katika kitanda cha wazazi wake. Lililomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameshampenda. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ingekuwa rahisi.

Dodo alipiga baada ya siku chache. "Ule muzee wa Kolwezi, ulimufanya nini? Anajua kazi, lakini haongei. Ni 'eyo' na 'hapana' tu."

Nyumbani nshima, yaani ugali, iliungua mara mbili katika wiki moja. Baba alikula bila kulalamika. Jumapili, walipotoka misa, aliketi na sinia lake la karanga na kusema, "Sasa unielezee, mbele tukufe na njaa."

Mushiya akamweleza yote. Baba hakuacha kumenya. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa miaka ya kuvaa vifaa vya santrali, kwa hiyo alimgeuzia la kulia na kuinamisha kichwa, kama mtu anayefuatilia waya ndani ya ukuta.

"Polycarpe," alisema baba, binti yake alipomaliza. "Anafanya kazi ya simu mpaka leo?"

"Eyo, papa."

"Nilimuambiaka: wewe, simu itakuzeesha." Akatabasamu. "Na ile bati ya chumba ya nyuma, alitengeneza? Ilikuwa inavuja."

"Papa! Ni nyumba yetu!"

"Nyumba ilikuwa ya kompani, Mushiya. Siku tuliingia, tulikuta chini, ku sima ya sakafu, alama ya kitanda ya batu bengine. Sikuuliza banani." Alipuliza maganda. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kintu mi nataka kumuuliza, si nyumba."

"Ni nini?"

"Nitamuuliza mwenyewe. Unaweza kuniunganisha?"

Angeweza kumpa simu ya mkononi tu. Lakini baba alitaka simu ya meza, ya mkono na waya, "simu ya kweli". Mushiya alikuwa nayo moja ya majaribio, iliyokuwa imeunganishwa kwa VPN na mashine ya Lubumbashi. Alimwomba Kalenga ruhusa, akisema ni jaribio la Kolwezi.

"Jaribio," Kalenga alirudia. "Dodo aliniambia kuko kintu kati yako na ule muzee. Ni jaribio ya namna gani?"

Mushiya akamwambia ukweli. Kalenga, ambaye naye alikuwa amepoteza majirani wengi mwaka ule wa kufukuzwa, alikohoa mbali na simu.

"Fanya," alisema. "Kama sauti inakatika, uniandikie."

Walichagua Jumanne saa tisa mchana, wakati ofisi ya Kolwezi huwa imetulia. Baba alivaa koti. Mushiya alimwekea kiti, akawasha spika ili naye asikie, akabonyeza namba ya mapokezi.

"Mapokezi Kolwezi, bonjour."

"Unaitika mubaya," baba alisema. "Nilikufundisha, jina kwanza."

Kimya. Kwa mazoea Mushiya aliangalia kioo cha kompyuta. Njia ilikuwa safi, hakuna kipande kilichopotea.

"Ngoy Polycarpe," sauti ikasema polepole. "Mapokezi, Kolwezi. Nasikia."

"Njo vile."

"Patron," Polycarpe alisema, na sauti yake ikavunjika.

Baba alimwachia muda. Kisha akauliza, kama aliyemwacha kazini juzi, juu ya waya wa simu wa bwawa la umeme, "Line ya Nzilo, barrage, bado inapita kwetu?"

"Hapana, patron. Ilikufwa mwaka ya tisini na tano. Nilijaribu."

"Ulifungua sanduku ya kilometa kumi na mbili? Pale maji inaingiaka."

"Nilifungua ya juu."

"Ya chini njo mubaya."

"Ya chini," Polycarpe alisema. "Sikujua kama kuko ya chini."

"Sikuwa nimefika kukuonyesha." Baba alihamisha mkono wa simu, akaubana zaidi sikioni. "Polycarpe, nisikilize. Wiki saba tulikaa ku gare. Kila siku nilikuwa naangalia barabara. Batu balikuya. Mwalimu wa Mushiya alikuya, Mukatanga, na mufuko ya bunga. Wewe haukukuya. Miaka yote hii, si nyumba niliwaza. Niliwaza: Poly hakukuya. Juu ya nini?"

"Nilikuya, patron."

Baba alimtazama Mushiya.

"Nilikuya. Siku ya kumi na moja. Nilikuwa na mukate na maziwa ya Kanku. Nilifika mpaka karibu na mulango. Vijana balikuwa banasimama pale, banaandika jina ya Bakatanga benye banaingia kusalimia. Niliogopa. Lakini si woga tu, sitaki kukudanganya. Nilikuona. Ulikuwa umekaa ku valise, ku sanduku yenu, unamunyoa Mushiya nywele. Na mi nilikuwa nimeshalala mu kitanda yako siku nane. Nikasema, nitamuangalia namna gani? Nikarudi."

"Na mukate?"

"Niliikula mu njia. Yote. Nilikuwa nalia, lakini niliikula."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama Muamba."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Ile ilikuwa mukate muzuri," alisema, na Mushiya hakujua kama anacheka ama nini, kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Patron, na Kanku? Anaishi wapi sasa? Ni baba ya batoto?"

Mushiya aliinua mkono kukata spika, hakujua kwa nini. Baba aliuzuia.

"Kanku alikufwa, Poly. Mu treni, mbele ya kufika Mwene-Ditu. Surua. Alikuwa na miaka mbili na miezi ine."

Kule Kolwezi kitu kilianguka, labda kiti. Kisha wakasikia mwanaume mzima akilia katika chumba cha mapokezi, bila kujizuia, na sauti ya Tatiana ikiuliza kwa mbali, "Tata Poly? Tata Poly, ni nini?"

"Lia," baba alisema kwenye simu. "Lia tu, hakuna mwenye anatusukuma. Wewe njo ulimubebaka ku kinga. Mi na mama yake tulilia yetu. Hii ni yako."

Akangojea. Alishika simu kwa mikono miwili na kungojea mpaka kilio cha upande wa pili kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa pumzi. Kisha akauliza habari za Ndaya na majina ya watoto watano, mmoja mmoja, na wa tatu alipotajwa kuwa anaitwa Stanislas alisema, "Ah, huyo mulimuharibia maisha," na wote wawili wakacheka.

Tangu hapo wazee walizungumza kila Jumanne, kwa simu ya mkononi sasa, maana jaribio lilikuwa limekwisha. Waligombana sana. Walibishana juu ya rangi za nyaya ambazo hakuna aliyezitumia tena duniani, na juu ya nani hasa alivunja darubini ya injinia mwaka wa themanini na tisa. Mushiya aliirudisha Kolwezi mikononi mwake na kuzungumza na tata Polycarpe kwa adabu, taa kwa taa. Zaidi ya hapo hakuweza. Baba alikuwa amesamehe kabla chai haijapoa. Yeye kila alipofika karibu na neno hilo alimwona mama yake amelala chini, gare, juu ya kanga, anampepea Kanku.

Mwezi wa tisa Kalenga alimtuma Kolwezi. Kampuni ya mizigo ilikuwa inahamia jengo jipya, na safari hii simu zilihitaji kuguswa kwa mkono. Polycarpe alimngoja uwanja wa ndege akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na kuliko yule kijana mrefu wa baiskeli. Walisalimiana kwa mkono, kisha hakuna aliyejua aendelee vipi, mpaka Mushiya alipouliza kama kebo za jengo jipya zimeshapitishwa, na mzee akaanza kueleza, na maelezo yakawafikisha mjini.

Walifanya kazi siku mbili. Alijua sana, mzee yule. Aliandika namba kwenye ncha za kila kebo, ncha zote mbili, kwa mwandiko ambao Mushiya aliutambua kwa kuwa ulikuwa mwandiko wa baba yake, saba yenye mstari katikati na mkia. Siku ya pili jioni, simu sita zote zikilia na kusikika, alisema huku akikunja waya, "Mama Ndaya anapika leo. Kama hautaki kuingia mule, mi naelewa. Tutaleta chakula hapa."

"Nitakuya," Mushiya alisema.

Nyumba ilikuwa ndogo. Alikumbuka veranda kubwa, ikawa hatua tatu. Ndaya alitoka akipangusa mikono kwenye kitenge, mwanamke mnene, mwenye macho ya mtu aliyejiandaa kutukanwa. Alimpokea mkoba, akamweka Polycarpe sebuleni na wajukuu, na badala ya kumketisha mgeni mezani alimpeleka moja kwa moja nyuma, jikoni, alikokuwa anasonga bukari, ugali wa kule. Samaki wa Nzilo walikuwa wameiva, na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mushiya alisimama mlangoni. Ukuta ulikuwa umepakwa kijani. Lakini pale karibu na jiko, rangi ilipobanduka, chini yake ilionekana buluu aliyoipaka mama yake.

"Mi najua uko na hasira," Ndaya alisema bila kugeuka. "Iko haki yako. Siku ya kwanza niliingia humu nilimuambia Poly, nyumba hii iko na benyewe. Akasema benyewe balienda mbali. Nikanyamaza, juu nilikuwa na mimba na sikuwa na pengine." Aliinua mwiko, akaugonga kwenye ukingo wa chungu. "Miaka makumi mbili na munane napika mu jikoni ya mwanamuke mwingine. Nilikuta sahani yake moja, nilikuta kamba yake ya kuanika. Hata siku moja hakuna mutu aliniambia jina yake. Poly alikuwa anasemaka 'bibi ya patron' tu. Alikuwaka nani?"

Mushiya alifungua mdomo, na kwa mshangao wake mwenyewe jibu lilikuwa jepesi.

"Tshilombo," alisema. "Mama Tshilombo."

"Tshilombo," Ndaya alirudia, akilijaribu jina. Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma kuelekea kwa mgeni. "Alikuwa namna gani?"

Mushiya akaketi. Alifikiri aanzie wapi, kisha akaanza na jambo la kwanza lililomjia, kwamba mama yake aliimba vibaya kupita wanawake wote wa kwaya, na alijua, na aliimba kwa nguvu hivyohivyo. Ndaya alicheka, akapunguza moto, akaketi naye.